Kutoka Thome hadi Jukwaa: Historia Fupi ya Mahali pa Mjadala katika Machakos

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni yamesikika malalamiko kwamba majukwaa ya majadiliano yaliyostawi katika intaneti tangu mwisho wa karne ya ishirini yamo katika kufa. Wanaolalamika hudai kwamba watu wameyahama na kwenda Facebook, WhatsApp, X na TikTok, ambako maneno ni mengi na mjadala ni haba. Wanaowapinga hujibu kwamba hakuna kilichokufa, kwa kuwa idadi ya watu wanaopashana habari na maoni leo ni kubwa kuliko ilivyopata kuwa. Pande zote mbili huhesabu vichwa, na kila upande hupata hesabu inayouridhisha.

Makala haya hayakusudii kuhesabu vichwa. Yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia ya mahali pamoja, yaani Machakos katika Ukambani, ambako kwa muda uzidio karne moja mahali pa kuzungumzia mambo ya watu pamebadilika mara kadhaa. Hoja itakayotetewa ni kwamba mahali pa mjadala hapafi kwa sababu tu ya kuzuka kwa chombo kipya. Hufa pale mmoja wa misingi yake mitatu unapovunjika. Msingi wa kwanza ni kuwapo kwa mduara, yaani watu wanaotambuana na wanaokubali kanuni moja ya kusema. Wa pili ni jibu: anayesema aweze kuulizwa na kupingwa na wale anaowasemesha. Wa tatu ni kumbukumbu: lililosemwa lihifadhiwe hata liweze kurejewa wakati wa kuamua. Historia ya Machakos yaonyesha kwamba misingi hii haikukaa pamoja mara nyingi, na kwamba kila chombo kipya kiliimarisha mmoja na kudhoofisha mwingine.

Thome na Nzama

Wakamba wa karne ya kumi na tisa hawakuwa na mfalme. Mtu alikaa katika musyi, yaani boma la jamaa zake. Maboma ya jirani yalifanya utui. Na mambo ya utui yaliamuliwa na nzama, nayo ni halmashauri ya wazee walioitwa atumia. Nje ya lango la boma palikuwa na uwanja uitwao thome, ambako wanaume waliketi kuota moto, kupokea wageni na kuzungumza. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wakamba mwaka wa 1910, na baada yake Gerhard Lindblom, msomi wa Kiswidi aliyetoa utafiti wake mwaka wa 1916, wote wawili waliueleza utaratibu wa wazee hawa kwa urefu.

Yafaa kutofautisha thome na nzama, kwani wengi huvichanganya. Nzama ilikuwa chombo cha kuamua. Thome palikuwa mahali pa kuzungumza tu, na aghalabu palizungumzwa mambo madogo: mvua, malisho, mahari, safari. Lakini mzee aliyekwenda katika nzama alikwenda na maneno yaliyokwisha kuchujwa katika thome. Mvulana aliyeketi kando ya moto huo akisikiliza alijifunza namna ya kuanza hoja, namna ya kumkatiza mtu bila kumvunjia heshima, na wakati wa kunyamaza. Kwa maneno mengine, thome palikuwa shule ya lugha kabla ya kuwa mahali pa siasa.

Misingi yote mitatu ilikuwapo, ila kwa kipimo. Mduara ulikuwapo, kwa kuwa kila aliyeketi alijulikana yeye, baba yake na ukoo wake. Jibu lilikuwapo, kwa kuwa mzee alijibiwa na mzee mwenzake uso kwa uso. Kumbukumbu nayo ilikuwapo, ingawa haikuandikwa: ilikaa katika vichwa vya wazee na, katika mashauri mazito, ilifungwa kwa kiapo cha kithitu, ambacho Mkamba alikiogopa kuliko jela. Hata hivyo, haitakuwa haki kuupamba mduara huu. Anake, yaani vijana, hawakuwa na sauti sawa na atumia, na kupanda daraja ya uzee kulihitaji malipo ya mbuzi na pombe. Wanawake hawakuketi katika thome. Mithali ya Kiswahili husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mtu angeweza kuuliza ni neno la nani, na ni wangapi ambao neno lao halikufika hapo penye wazee.

Baraza: Safari ya Neno

Neno baraza lilifika Ukambani kutoka pwani. Katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja uliochapishwa mwaka wa 1870, Edward Steere alilieleza neno hili kuwa ni kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba au ukumbini, ambako mwenye nyumba huketi hadharani na kuwapokea rafiki zake. Na kutokana na maana hiyo, akasema, likapata maana ya kikao cha Sultani mbele ya watu. Hivyo basi, tangu zamani neno hili lilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja ni wa ujirani: mpita njia huamkia, hukaribishwa, huketi. Uso wa pili ni wa enzi: mkubwa huketi na wadogo humwendea.

Wakamba walikuwa wafanya biashara hodari waliofika Mombasa na misafara ya pembe za ndovu muda mrefu kabla ya ukoloni, kwa hiyo hapana shaka kwamba baadhi yao waliijua baraza ya pwani kwa uso wake wa kwanza. Lakini iliyoenezwa Ukambani na serikali ilikuwa ya uso wa pili. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake Machakos mwaka wa 1889, mahali palipopata jina kutokana na Masaku, mkuu wa Kikamba aliyesifika kwa utabiri. John Ainsworth alikishika kituo hicho mwaka wa 1892, na kwa miaka michache Machakos ikawa makao makuu ya utawala wa bara, mpaka reli ilipopita mbali na mji na makao hayo yakahamishiwa Nairobi mwaka wa 1899. Kwa sheria za 1902 na 1912 serikali iliweka wakuu wa vijiji na machifu, ambao hawakutokana na nzama. Chifu huyo ndiye aliyeita baraza.

Mabadiliko ya maana yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana katika kamusi. Kwa mtu wa pwani, baraza ni kitu anachokikalia. Kwa mtu wa Machakos, baraza likawa ni jambo analoitiwa. Hata upatanisho wa kisarufi unaonyesha tofauti hiyo: baraza ya mawe huwa katika ngeli ya i-/zi-, ilhali mkutano hupenda kuwa katika ngeli ya li-/ya-, baraza la chifu, mabaraza ya wilaya. Katika baraza hilo mwenye kusema alikuwa ofisa au chifu; watu walisikiliza habari za kodi, kazi za barabara na amri za mifugo. Maswali yaliruhusiwa, lakini kuruhusiwa kuuliza si sawa na kuwa na haki ya kujibiwa.

Kuanzia mwaka wa 1924 sheria iliruhusu kuundwa kwa mabaraza ya wenyeji katika wilaya, Machakos ikiwamo. Haya yalikuwa na wajumbe Waafrika na fedha kidogo za kutumia, lakini mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya. Hata hivyo, yalileta jambo moja ambalo thome haikuwa nalo: maandishi. Maneno ya wajumbe yaliandikwa katika kumbukumbu za mkutano, kwa Kiingereza na kwa sikio la mtawala, na yakatiwa katika majalada. Msingi wa tatu uliimarika wakati ule ule ambao wa pili ulidhoofika.

Mwaka wa 1938: Watu Walipoliacha Baraza

Kipimo cha baraza la serikali kilikuja mwaka wa 1938. Katika miaka ya thelathini ardhi ya Machakos ilikuwa imechakaa kwa mmomonyoko, na Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika taarifa ndefu juu ya hali hiyo mwaka wa 1937. Serikali ilishika upande mmoja wa tatizo, yaani wingi wa mifugo, na kuacha upande mwingine, yaani ufinyu wa ardhi uliotokana na mipaka ya hifadhi za wenyeji na mashamba ya walowezi. Iliamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kikifunguliwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Wakamba hawakukosa kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Upinzani haukuanzia katika mabaraza rasmi, kwa kuwa humo neno la kupinga lilikuwa halina njia ya kufika mbali. Ulipangwa katika mikutano ya watu wenyewe, huko Iveti na Matungulu hasa, na ulifungwa kwa kiapo, kama wazee walivyofunga mashauri mazito. Chama kiitwacho Ukamba Members Association kiliundwa, na kiongozi wake aliyevuma zaidi alikuwa Muindi Mbingu. Mwishoni mwa Julai 1938 wanaume, wanawake na watoto walitembea kilomita zipatazo 60 mpaka Nairobi, wakapiga kambi na kudai kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walikaa huko kwa majuma kadhaa, wakisaidiwa na wanachama wa Kikuyu Central Association na Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Gavana alikataa kuonana nao Nairobi. Aliwataka warudi kwao, naye angekwenda Machakos kuwahutubia katika baraza; na mwezi wa Agosti alikwenda. Shauri hili lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu si la heshima tu. Pande mbili zilikuwa zikigombea mahali pa kusemea. Wakamba walitaka kusema mahali walipopachagua wenyewe, kwa mpango wao, mbele ya macho ya mji mzima. Gavana alitaka kusema barazani kwake, ambako yeye ndiye mwenye kufungua na kufunga mkutano. Baada ya hapo Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliuacha mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu. Barabara moja katikati ya Nairobi inaitwa kwa jina la Muindi Mbingu hata leo.

Mafunzo mawili yanatokana na kisa hiki. La kwanza, baraza halikufa mwaka wa 1938. Mabaraza yaliendelea kuitwa. Lililokufa ni imani kwamba baraza ni mahali pa mjadala. La pili, mjadala wenyewe haukufa pia. Ulihama, na katika kuhama kwake ulichukua desturi za mahali pa kale, kiapo kikiwamo, na kuwaingiza wanawake ambao mahali pa kale palikuwa pamewaacha nje.

Mwethya, Gazeti na Redio

Baada ya hapo mjadala wa Machakos haukuwa na nyumba moja. Katika miaka ya hamsini, kazi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko ilifanywa kwa mwethya, yaani desturi ya kusaidiana kazi kwa zamu. Hapo mwanzo serikali ililazimisha kazi hiyo. Ilifanikiwa zaidi pale watu walipoachiwa kuunda vikundi vyao na kuchagua viongozi wao. Wengi wa wanachama walikuwa wanawake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao wa mwaka wa 1994 uliosomwa duniani kote, walionyesha kwamba ardhi ya Machakos ilipata nafuu huku idadi ya watu ikiongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya thelathini. Kwa mwanahistoria wa lugha, jambo la kutazamwa hapa ni kwamba mwethya ulikuwa pia mduara wa maneno. Mwanamke ambaye hakuketi katika thome alijadili mpango wa kazi, zamu na faini akiwa na jembe mkononi.

Pili, kulikuwa na gazeti. Mwaka wa 1939 kampuni ya East African Standard ilianzisha Nairobi gazeti la Kiswahili la kila juma, nalo liliitwa Baraza. Jina hili lilirudisha neno kwenye uso wake wa kwanza: kiti ambacho msomaji yeyote angeweza kukikalia kwa kuandika barua. Katika Afrika Mashariki nzima magazeti ya Kiswahili yaliweka kurasa za barua na za mashairi, na malumbano ya washairi yaliweza kuendelea kwa miezi. Hapo jibu lilichelewa, lakini lilikuja. Na lilipokuja lilibaki katika karatasi.

Tatu, baada ya uhuru wa 1963, chama na serikali vilirithi baraza la chifu pamoja na sheria zake. Kwa miongo mitatu na zaidi mkutano wa hadhara ulihitaji kibali, mpaka marekebisho ya mwaka wa 1997 yalipobadilisha kibali kuwa taarifa kwa polisi na kupunguza mamlaka ya machifu. Mara baada ya hapo vilikuja vituo vya redio vya lugha za kienyeji. Vya Kikamba, kama Musyi FM na Mbaitu FM, vilichukua majina ya nyumbani na ya ujamaa. Msikilizaji wa Mwala au Masinga aliweza kupiga simu na kusema kwa lugha yake, na mtangazaji akawa kama mzee anayeshika zamu za wasemaji. Lakini sauti ya redio ni upepo. Isiporekodiwa, haina kumbukumbu.

Jukwaa la Mtandaoni

Jukwaa la intaneti likapokelewa katika hali hii. Neno lenyewe lafaa kutazamwa. Jukwaa ni ulingo wa mbao ulioinuliwa ili asimamaye aonekane na wengi. Watumiaji wa Kiswahili walilipa maana mpya ya mahali pa mjadala, na mjadala mmoja wakauita uzi: jina zuri, kwa kuwa kila jibu huunganishwa na lililotangulia, na ashikaye mwisho wa uzi aweza kuufuata mpaka mwanzo wake.

Katika Afrika Mashariki mifano miwili ndiyo iliyo mashuhuri. Wa kwanza ni Mashada, lililoanzishwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Huko Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni walijadili siasa, dini na mapenzi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 matusi ya kikabila yalilifurika, na mwezi wa Januari 2008 Kobia akayafunga majadiliano yake. Wa pili ni JamiiForums la Tanzania, lililoanza mwaka wa 2006 kwa jina la Jambo Forums na kushika jina lake jipya mwaka wa 2008. Hili lilipangwa kwa vyumba vya mada, kama Jukwaa la Siasa, na likawa mahali pa kufichulia rushwa. Mwezi wa Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alishtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi habari za watumiaji, na mwezi wa Juni 2018, kanuni mpya za leseni zilipotoka, lilizima huduma kwa muda.

Ubora wa jukwaa la namna hii ni kwamba lilijaribu kuiweka pamoja misingi yote mitatu. Mduara ulikuwapo, ingawa wajumbe walijificha nyuma ya majina ya kubuni. Majina hayo yalimfanyia kijana na mwanamke jambo ambalo thome haikuwafanyia: hoja ilipimwa kabla ya umri na jinsia ya mtoa hoja kujulikana. Jibu lilikuwapo, tena liliuinua uzi wa zamani na kuurudisha juu machoni pa wote. Kumbukumbu nayo ilikuwapo, kwani mtu aliyetafuta habari mwaka wa 2015 aliweza kusoma kilichojadiliwa mwaka wa 2007. Udhaifu wake nao ulikuwa dhahiri. Jukwaa lilimtegemea mwenyewe. Akichoka, akifilisika au akishtakiwa, uzi wote hukatika.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mitandao ya kijamii peke yake ndiyo iliyoyaua majukwaa. Mashada lilifunga majadiliano yake kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, na kabla ya simu ya intaneti kuwa kitu cha kila mfuko. Lilijifunga kwa sababu mduara wake ulivunjika: kanuni ya kusema haikukubaliwa tena na wote. JamiiForums nalo liliyumbishwa na sheria kuliko na ushindani. Mitandao ya kijamii iliikuta nyumba ambayo tayari ina nyufa.

Mitandao ya Kijamii na Kumbukumbu Iliyopotea

Ni kweli, hata hivyo, kwamba mazoea ya watu yamebadilika. Mtu wa Machakos anayetaka kuzungumza juu ya maji, ada za shule au barabara ya kijijini hafungui jukwaa la mada. Hufungua kundi la WhatsApp: la ukoo, la kanisa, la chama cha akiba, la wazazi wa darasa. Kwa kipimo cha mduara, kundi hili lina ujamaa wa karibu na thome kuliko chombo chochote kilichotajwa hapo juu. Wajumbe hujuana. Msimamizi hukemea na hutoa nje. Hata salamu za asubuhi na rambirambi zinazowachosha wengine zina kazi ile ile ya maneno madogo ya thome: huuweka moto ukiwaka mpaka siku ya neno kubwa. Tofauti ni kwamba mke na mume, kijana na mzee, aliye Mwala na aliye Qatar, wote wako katika moto mmoja.

Facebook na X, kwa upande mwingine, zina tabia ya baraza kwa nyuso zake zote mbili. Kuna anayeketi na kupokea wapita njia, na kuna anayehutubia maelfu asiyesikia hata mmoja. Kuanzia mwaka wa 2011 Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru, alipata sifa kwa kulifanya baraza lake kwa Twitter, akiwaonya watu juu ya wezi na kuwatafutia mifugo iliyopotea. Lakini mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka wa 2024. Muswada wa Fedha ulipoletwa Bungeni, vijana waliujadili katika mitandao, wakaueleza kwa lugha za kienyeji, kisha wakatoka barabarani katika miji mingi ya nchi. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na watu waliuawa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Tarehe 5 Julai aliingia katika mkutano wa sauti wa X na kuulizwa maswali na vijana hao.

Ukiyalinganisha mambo haya na ya 1938, utaona kilichobadilika. Gavana aliwarudisha watu kwenye baraza lake. Rais aliwaendea watu kwenye baraza lao. Kwa kipimo cha msingi wa pili, yaani jibu, hatua hiyo haikuwa ndogo, hata kama wengi hawakuridhika na majibu yaliyotolewa.

Basi hasara iko wapi? Iko katika msingi wa tatu. Katika Facebook na X, mpangilio wa maneno hauko mikononi mwa wasemaji. Programu huchagua kitakachoonekana, na cha jana husukumwa chini na cha leo. Katika WhatsApp, kundi laweza kuwa na watu hadi 1,024, lakini maneno yao hukaa katika simu zao tu. Mjumbe mpya kwa kawaida huanza na ukurasa mtupu. Tangu mwaka wa 2020 mtumiaji aweza hata kuagiza ujumbe ujifute wenyewe. Simu ikiibwa au ikianguka majini, kumbukumbu ya mwenyewe huenda nayo, isipokuwa aliweka nakala mahali pengine. Usiri huu una faida yake, kwani humlinda asemaye dhidi ya mwenye nguvu, na historia ya Machakos na ya JamiiForums yaonyesha kwamba ulinzi huo si wa anasa. Lakini bei yake ni usahaulifu.

Bei hii ina uzito maalumu katika Kenya ya leo. Katiba ya mwaka wa 2010 inazitaka serikali za kaunti ziwashirikishe wananchi katika kutunga sheria, na tangu Kaunti ya Machakos ianze kazi mwaka wa 2013 mikutano ya hadhara huitwa kwa ajili ya mipango na bajeti. Mikutano hiyo huandikiwa kumbukumbu. Lakini mabishano ya kweli yanayowatayarisha watu kwa mikutano hiyo, yaani kazi iliyofanywa na thome kwa ajili ya nzama, hufanyika katika makundi ya simu ambayo hayana jalada. Hivyo kitakachobaki ni neno la mwenye kuita mkutano, na litakalopotea ni neno la walioitwa. Hiyo ndiyo hali ya majalada ya kikoloni, na itakuwa ajabu ikiwa taifa huru litairudia kwa hiari yake.

Hitimisho

Swali lililoulizwa mwanzoni laweza sasa kupewa jibu. Majukwaa ya mtandaoni yamepungua kama mazoea ya watu wengi, na sababu zake ni zaidi ya moja: mduara uliovunjika, sheria zilizobana, gharama zilizomlemea mwenyewe, na urahisi wa simu. Mjadala wenyewe haukupungua. Ulihama, kama ulivyohama mwaka wa 1938, na katika kuhama ulipata watu wapya. Lililopungua ni uwezo wa mjadala kujikumbuka.

Yafuatayo yanafaa kufanywa na wanaofundisha lugha na historia. Kwanza, majukwaa ambayo bado yapo yahesabiwe kuwa nyaraka, na nakala zake zihifadhiwe kabla wenyewe hawajayafunga. Pili, vikundi vyenye shughuli za hadhara, kama vya maji, vya wakulima na vya wazazi, vishauriwe kuweka mukhtasari wa maamuzi yao pamoja na hoja za waliopinga, kwa idhini ya wajumbe na bila kutaja majina pale panapokuwa na hatari. Tatu, wanafunzi wa Kiswahili na Kikamba wapewe kazi ya kukusanya lugha ya mijadala hii ingali hai, kwa kuwa humo ndimo maneno kama jukwaa na uzi yanamopatia maana zake, kama vile neno baraza lilivyopata maana yake mpya chini ya mwembe wa chifu.

Mtafiti anayetaka kujua Wakamba walisema nini mwaka wa 1938 aweza leo kwenda kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi, na kusoma majalada ya wilaya. Atakutana na sauti zilizopita katika kalamu ya mtawala, naye itampasa kuzisoma kwa hadhari. Lakini atakutana nazo. Mtafiti wa mwaka wa 2100 atakayetaka kujua watu wa Machakos walibishana nini juu ya bajeti ya kwanza ya kaunti yao atahitaji bahati ya kupata simu ya zamani inayowaka.